Salamu Zilizotaka Kula Ng'ombe

Ninyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi hii ya parabole, yale madishi ya televizyo, na mawasiliano, kuanzia milima ya Masisi hadi kwenye misitu ya Walikale. Naandika nikiwa nimekaa, jambo ambalo mgongo wangu umelitaka tangu zamani na miguu yangu bado inalikataa. Nililipwa nini, sitaeleza. Nitaeleza nilivyoanza, halafu nitaeleza nyumba moja, kwa sababu nyumba hiyo ina karibu kila kitu mtakachokutana nacho.

Shule niliiacha mapema. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa naangalia dirishani kila siku, mwishowe nikaenda kuona kilichokuwa nje. Nimebeba madumu ya maziwa kutoka malishoni, nikauza maharagwe Mweso, nikaendesha pikipiki ya kubeba watu, nikapika chai kwa wachimbaji huko Walikale. Kila kazi niliipenda mpaka siku nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu ilianza kuwasha na nikatafuta nyingine. Kazi ya parabole sijamaliza kuielewa hata leo, ndiyo maana nimezeeka ndani yake.

Niliipata kwa sababu ya redio mbovu. Papa Fidèle alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko la Masisi. Nilimpelekea yangu, akaitengeneza, mimi nikabaki nimesimama pale naangalia mikono yake mpaka akaniuliza kama sina kwetu. Kesho yake nikarudi bila redio. Hakunipa hata bisibisi. Alinionyesha kigoda, akaniambia nisikilize wateja. Alipokuwa anafunga kibanda akaniuliza mama mwenye redio nyekundu alikuwa anataka nini. Nikasema alitaka sauti iongezwe.

Papa Fidèle akatikisa kichwa. "Ulisikia redio. Mama mwenyewe haukumusikia. Bwana yake masikio imechoka. Akiongeza sauti, majirani njo batasikia, bwana hapana."

Basi alichukua spika ya ile redio, akaifungia waya mrefu, ili redio ikae mezani na spika ikae kwenye mto wa mzee. Hiyo ndiyo shule yangu. Mengine yote niliyojifunza baadaye yalikuwa kukaza na kulegeza.

Kuhusu kukaza na kulegeza nitasema machache, maana najua mnayapenda. Kwetu hapa parabole haiangalii mlima wa jirani. Satelaiti nyingi ziko karibu juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo parabole inalala chali kama sinia linalongoja ugali. Mvua ikinyesha inajaa maji. Toboeni tundu dogo mahali pa chini kabisa, na kama hamna mashine tumieni msumari uliopashwa moto. Msikaze nati zote mara moja. Kazeni kidogo kidogo mkiwa mnaangalia picha, kwa sababu upepo wa Masisi utamaliza kazi ambayo ninyi hamkuimaliza. Tembeeni na televizyo ndogo ya betri. Mteja akiwa ndani anapiga kelele "imekuja, imeenda," mtazeeka juu ya paa.

Miaka ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kuweka. Kila mwenye ng'ombe au duka alitaka dekoda ya kulipia, na nilipanda mapaa mengi. Miaka ya mwisho kazi yangu ikawa kuondoa. Watu walichoka na abonema. Unalipa, mwezi unaisha, picha inakatika mpira ukiwa umefika pazuri, unalipa tena. Walianza kuniita wakiuliza kama kuna njia nyingine. Ipo: parabole kubwa zaidi, dekoda ya kawaida, na chaneli zinazorushwa bure. Unanunua vyombo mara moja na hakuna anayekudai tena. Lakini chaneli za bure si zile zile za kulipia, na hapo ndipo mafundi wengi huharibu. Wanamhesabia mteja chaneli. Mimi nauliza nani anakaa mbele ya televizyo, na anaangalia nini kweli.

Ndivyo nilivyofika kwa Papa Anselme.

Alikuwa mfugaji, mjane, anatengeneza fromage, yaani jibini, kwenye kilima juu ya Masisi. Aliishi na mama yake, Koko Verediana (koko kwetu ni bibi), ambaye aliteleza akikamua na kuvunjika nyonga, na tangu hapo hakutoka tena nje ila kwa kubebwa. Anselme alimnunulia televizyo yenye abonema ili asichoke na ukuta. Halafu binti yake Anselme, Agnès, aliyelelewa na Koko huyo huyo, aliolewa Buleusa, upande wa Walikale, akawa muuguzi kwenye kituo cha afya cha huko. Buleusa wakati ule hapakuwa na mtandao, na barabara ilikuwa inafungwa mara kwa mara na watu wenye bunduki, mnajua. Anselme akanunua simu ya satelaiti ikae nyumbani, na nyingine akampelekea binti. Simu hizo zinasikika hata ukiwa katikati ya msitu. Na dakika zake zinakula pesa kama moto unavyokula nyasi kavu.

Abonema na simu vilikuwa vimeshakula ng'ombe wawili. Aliyekuwa anafuata ni Gaju.

Hapo lazima nieleze, kwa wale ambao hawajalelewa na ng'ombe. Gaju alikuwa ng'ombe wa mahari ya Agnès. Wakwe zake wa Buleusa ni wakulima, watu wa muhogo na maharagwe, hawana zizi. Baba mkwe alilima miaka kadhaa ili anunue ng'ombe mmoja wa kumwoza mtoto wake kwa heshima, kwa desturi ya watu wa upande wetu. Na desturi ina upande wa pili: ng'ombe wa mahari akizaa jike, familia ya binti inampa binti na mume wake ndama huyo. Ukimuuza ng'ombe wa mahari kabla hajazaa, hujauza mnyama tu. Umewaambia wakwe kwamba jasho lao mmelila na hamtarudisha kitu. Agnès ndiye angeishi na aibu hiyo, kwenye nyumba ya watu, mbali. Na Gaju alikuwa na mimba.

Anselme aliniambia haya yote getini, kabla sijaingia, kwa sauti ndogo. Mfanyabiashara wa ng'ombe alikuwa ameshaahidiwa. Angekuja siku ya soko kumchukua Gaju, isipokuwa mimi niweze kupunguza matumizi ya nyumba kabla ya hapo.

Koko alikuwa kitandani karibu na dirisha, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Aliniangalia kuanzia viatu. "Njo weye ule wa kukata?"

Nikamwambia mimi sikati, mimi nabadilisha. Akasema wote wanaokuja kukata wanasemaka hivyo.

Nilikaa siku nzima kwenye kigoda, kama nilivyofundishwa. Upande wa televizyo ulikuwa mwepesi. Koko hakujua Kifaransa. Kati ya chaneli zote alizolipiwa, aliangalia misa, na watu wanaopika, na sinema za mapenzi ambazo hadithi zake alizitunga mwenyewe kutokana na sura za watu. Hayo yote yanapatikana bure.

Halafu ikafika saa ya kuongea na Agnès, na nikaona ng'ombe wanakwenda wapi.

Koko alichukua simu, akamsalimia mjukuu. Kisha akaanza salamu za zizi. Bihogo anakusalimia. Agnès akajibu kwamba naye anamsalimia Bihogo, na je, mguu wake umepona? Umepona. Sine anakusalimia. Agnès akamsalimia Sine. Ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kwa jina, kwa rangi, kwa habari zake, na ndama wao, bila haraka, jinsi watu wa mlimani wanavyosalimiana wakikutana njiani na siku nzima iko mbele yao. Dakika zikaisha, simu ikakatika wakiwa kwenye ndama. Habari za Agnès mwenyewe hazikuwa zimeguswa.

Nilimuuliza Anselme pembeni kama haiwezekani kuzifupisha. Alicheka bila furaha. Alikuwa ameshajaribu, na mama yake alimjibu neno moja ambalo hakuweza kulipita. "Ngombe yenye hautaje," Koko alimwambia, "unaambia mutoto kama ilishakufa."

Hapo nikaelewa ugumu wote. Anselme akimuuza Gaju ili alipie simu, jioni ile ile Koko atamruka Gaju kwenye salamu, na Agnès atajua. Na salamu ndizo zilizokuwa zinamuuza Gaju.

Nilianza na parabole. Paa lao lilikuwa la zamani, kwa hiyo ile kubwa niliisimika chini, karibu na zizi, kwenye nguzo fupi. Picha ilikuja safi. Koko alipata misa, akapata wapishi, na zaidi ya hapo akapata sinema za Kiswahili kutoka Tanzania. Alisikiliza kwa muda, akasema watu hao wanaongea sawa bakatekiste, walimu wa dini, lakini alau sasa anajua kwa nini yule dada analia.

Kesho yake asubuhi picha haipo. Nikaenda zizini. Ng'ombe walikuwa wameizunguka parabole yangu, wanairamba kwa ndimi zote, na mmoja alikuwa ameshaipinda upande. Semahoro, mchungaji wao, mtu mzima aliyechunga kwa familia ile tangu ujana, alikuwa amesimama pembeni ameridhika. Hakuwepo nilipokuwa nasimika. Alirudi na kundi, akakuta sinia kubwa jipya limelala chali karibu na zizi, lina tundu chini la kutolea maji. Akafikiri patron, tajiri wake, amenunua chombo cha kulishia chumvi badala ya ule mti uliochongwa, uliokuwa umeoza. Akamimina chumvi yote ya wiki. Hata alinisifu: tundu lile, alisema, ni akili, mvua haitaharibu chumvi.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Anselme alitaka kumkaripia, lakini Koko, ambaye alisikia yote dirishani, aliagiza kwamba ng'ombe waachwe wamalize kwanza, televizyo itangoja. Wakamaliza. Nikaosha chuma kwa maji mengi, maana chumvi inakula parabole haraka kuliko mvua, nikainyoosha, nikatafuta satelaiti upya, na Semahoro akanijengea ua wa miti kuizunguka. Mkisimika chini kwenye nyumba ya wafugaji, ongeeni na mchungaji kabla hamjaongea na satelaiti.

Abonema ikaondoka. Lakini ile simu bado, na siku ya soko ilikuwa inakaribia.

Nilipokuwa napika chai kwa wachimbaji, nilizoea kusikia phonie, ile redio ya kuongea ambayo nyumba za kununua madini zilikuwa nayo. Hailipiwi dakika. Unahitaji umeme kidogo, waya mrefu hewani, na ruhusa. Vituo vya afya navyo vinazo, na kila asubuhi vinapeana habari za wagonjwa. Kwa hiyo Agnès alikuwa na phonie kazini kwake tangu mwanzo, mita chache kutoka meza yake, na hakuna aliyeifikiria. Nikapanda pikipiki hadi Buleusa. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa utaratibu. Alikubali kwa masharti: wagonjwa kwanza, salamu baadaye, na likija jambo la mgonjwa, salamu zinyamaze. Njiani kurudi nikanunua phonie ya zamani kwa mtu ambaye nyumba yake ya madini ilifungwa. Anselme akatafuta ruhusa kwenye ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, mimi nikavuta waya kati ya mikaratusi miwili, nikitumia shingo za chupa za plastiki kuuzuia usiguse miti. Plake ya umeme wa jua iliyokuwa inalisha televizyo ikalisha na phonie.

Kilichobaki ni Koko. Kwenye phonie kila kituo kinasikia kila neno, na huko kwetu hakuna mwenye ng'ombe anayependa watu wajue zizi lake. Nilimweleza wazi, kwa sababu kumficha kungekuwa kumuuza.

"Majina tu," akasema. "Fasi zinakulia malisho, hapana. Na hesabu, hapana."

Asubuhi ya kujaribu ilikuwa siku ya soko. Yule mfanyabiashara alishafika. Alikuwa mtu mpole, hakuwa na kosa lolote. Alikaa mlangoni, akapewa kikombe cha maziwa, kamba iko magotini. Anselme alisimama katikati ya chumba, hajui amwangalie nani. Vituo vilimaliza habari za wagonjwa. Nikampa Koko mikro, kile kipaza sauti cha mkononi, nikamwonyesha kitufe: bonyeza, ongea, achilia, sikiliza.

Alibonyeza akaanza. Akamsalimia Agnès, akaingia zizini, Bihogo, Sine, mmoja baada ya mwingine, bila kuachilia. Alipofika katikati alinyamaza, bado amebana kitufe kwa nguvu zake zote, akingoja jibu. Halikuja. Niliona uso wake unabadilika. Akasema polepole kwamba mtoto hayuko. Mfanyabiashara aliweka kikombe chini.

Nikapiga magoti, nikaweka mkono wangu juu ya wake. "Koko, ukishika, yeye hawezi kuingia. Muachilie njia."

Akaachilia. Na chumba kikajaa sauti ya Agnès, yenye mikwaruzo kama mtu anayekaanga, akisema kwamba amesikia, Koko, nimesikia zote, na wote nawasalimia, na Gaju je? Koko haujataja Gaju.

Koko alimtazama mwanaye, kisha akaitazama ile kamba, kisha akabonyeza.

"Gaju iko," akasema. "Iko hapa na tumbo yake. Haiende fasi yoyote."

Mfanyabiashara alimaliza maziwa, akaikunja kamba, akamwambia Anselme kwamba kwenye soko kuna ng'ombe wengi. Alipokuwa anatoka alimsalimia Koko kwa heshima kubwa. Jioni ile Anselme alipeleka habari kwamba simu ya satelaiti inauzwa.

Tangu hapo nilipita kwao kila nilipokuwa upande ule, kukagua betri, au ndivyo nilivyosema. Salamu ziliendelea ndefu vile vile, sasa bila kula kitu. Vituo vingine vilijifunza kungoja. Nilisikia kwamba kulikuwa na watu waliobaki kwenye phonie baada ya habari za wagonjwa makusudi, waujue mguu wa Bihogo.

Nilikuwepo Gaju alipozaa. Semahoro alikuja ameshikilia kofia, akasema ni jike. Anselme alitaka kupeleka mtu Buleusa, maana ndama wa namna hiyo hatolewi kimya. Anatolewa mbele ya mashahidi, wa upande huu na wa upande ule, wasikie kwa masikio yao. Lakini barabara ilikuwa imefungwa tena, na haikujulikana itafunguliwa lini. Koko akaomba mikro.

Aliomba kwanza baba mkwe aitwe kituoni. Tuliwangoja mpaka wakamleta kutoka shambani. Kisha Koko akasema jina lake, jina la mwanaye, jina la mjukuu, na kwamba Gaju aliyetoka Buleusa amezaa jike, na jike hilo tangu leo ni la Agnès na la bwana yake, atakua huku mpaka njia itakapofunguka, na asiwepo muntu wa kusema hakusikia. Akaachilia kitufe.

Kulikuwa na mkwaruzo. Kisha sauti ya mwanaume, kutoka kituo kilichokuwa upande wa Mweso, ikasema "Bien reçu," yaani imepokelewa vizuri. Kisha mwanamke, sikutambua wa wapi: bien reçu, Koko. Kisha mwingine. Wauguzi na waendeshaji wa phonie ambao hatukuwahi kuwaona, mmoja mmoja, kwa utaratibu, kila mmoja akataja kituo chake na kusema amesikia.

Mwisho kabisa ikaja Buleusa. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe bila kuongea. Tulisikia anapumua, tulisikia Agnès nyuma yake akimnong'oneza aseme tu, Papa. Alikuwa yule mzee ambaye alilima muhogo na maharagwe miaka yote ile kwa ajili ya ng'ombe mmoja.

"Miye njo baba ya kijana," akasema. "Nimesikia."

Hakuachilia kitufe. Tukaendelea kumsikia akipumua, na Koko hakumharakisha.